Maji ya Volvic Hayako Njiani: Dhana Potofu kuhusu Kutembea kwenye Volkano za Auvergne

"Si ndiko yanakotoka maji ya Volvic? Chupa ndogo inatosha, tutajaza njiani."

Hapana. Hamtajaza njiani, kwa sababu njiani hakuna maji.

Kati ya yote yanayosemwa na wageni wanaojiandaa kupanda volkano za Auvergne, katikati ya Ufaransa, hili ndilo linalochosha kuliko mengine, na ndilo lenye madhara zaidi. Mtu ameona picha ya mlima wa kijani kwenye chupa ya Volvic, maji yanayouzwa kwa jina la mji wa huko, dukani, akahitimisha kwamba mlima wenyewe umejaa vijito. Safu ya Chaîne des Puys ina vilima vya volkano vipatavyo 80, vilivyojipanga kutoka kaskazini hadi kusini kwa kilomita 30 na kidogo, magharibi mwa mji wa Clermont-Ferrand. Katika safu yote hiyo huwezi kupanga siku ya matembezi ukitegemea mto. Mvua inanyesha, tena vizuri, kwa kuwa mawingu ya Atlantiki hufika kwanza kwenye safu hii kabla ya kuvuka kwenda bondeni. Lakini tone likigusa ardhi, linazama.

Anayeijua milima ya Chyulu kule Kenya hahitaji maelezo marefu. Mvua ya Chyulu huingia kwenye majivu na kokoto za volkano, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka kwenye chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka hapo bomba huipeleka hadi Mombasa. Volvic ni Mzima ya Auvergne. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanda Chyulu na chupa ndogo eti kwa kuwa Mzima ina maji mengi. Kwa nini basi kosa hilo lifanywe Ufaransa?

Kinachotendeka ardhini ni hiki. Vilima vingi vya safu ni marundo ya kokoto nyepesi zenye matundu, zile ambazo Wafaransa huziita pozolana na kuzichimba kwa ajili ya barabara na ujenzi. Chini ya marundo hayo kuna uwanda wa matale, mwamba mgumu usiopitisha maji kirahisi. Volkano zilipolipuka, lava ilishuka kwa kufuata mabonde ya zamani ya mito na kuyajaza. Maji hayakufa. Yaliendelea kupita mle mle bondeni, ila sasa chini ya lava, juu ya matale, gizani. Yanarudi kwenye mwanga pale tu ulimi wa lava unapoishia. Mji wa Volvic uko kwenye mwisho wa lava, na mji wa Royat vivyo hivyo. Kwa hiyo maji yako chini, vijijini, ukingoni mwa uwanda, na wewe unapanda juu.

Sasa hesabu. Chukua mzunguko unaopendwa: unaanza Col de Ceyssat, mita 1,078, unapanda Puy de Dôme, mita 1,465, kwa njia iitwayo Chemin des Muletiers, unashuka upande wa kaskazini kwa Chemin des Chèvres, unakwenda kuzunguka kreta, yaani shimo la kileleni, ya volkano jirani ya Puy Pariou, kisha unarudi. Hiyo ni sehemu kubwa ya siku kwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida na kusimama kutazama. Julai na Agosti, kila mtu abebe lita 3. Majira ya kuchipua na ya kupukutika, lita 2. Wakati wa baridi lita moja na nusu, nusu ya hayo iwe chai ya moto ndani ya chupa ya chai. Nusu lita ya mwisho haiguswi mpaka uone gari.

Kila mtu abebe yake. Kundi linaloweka maji yote kwenye begi la kijana mwenye nguvu hutengana baada ya saa moja, kijana akiwa mbele na wenye kiu nyuma. Na tafadhali, chupa mbili ngumu ni bora kuliko mfuko wa plastiki wenye mrija. Mfuko umefichwa ndani ya begi, huoni umebaki na kiasi gani hadi mrija unapovuta hewa, na wakati wa baridi mrija ndio unaoganda kwanza. Chupa unaitazama na kujua. Zipange karibu na mgongo, usawa wa mabega, si chini ya begi zinakokuvuta nyuma kwenye mteremko.

Madhara ya kupuuza haya hayaonekani wakati wa kupanda. Asubuhi kuna kivuli cha msitu na hewa baridi, mtu anakunywa mafunda mawili na kujiona shujaa. Mchana, kwenye nyasi fupi na kokoto nyeusi zinazoshika joto, kichwa kinaanza kugonga. Wakati wa kushuka misuli ya mapaja inakaza, mguu unawekwa bila uangalifu, na hapo ndipo kifundo kinapogeuka. Mwenyewe atalaumu viatu. Kunywa mafunda machache kila dakika 20 tangu mwanzo, hata kama huna kiu, jumla ikaribie nusu lita kwa saa.

Pa kujazia ni vijijini, kabla ya kuanza au baada ya kumaliza. Chemchemi za uwanjani huwa na kibao: *eau potable* ni ya kunywa, *eau non potable* si ya kunywa, na pasipo kibao usinywe. Bomba la makaburi ya kijiji ni msaada ambao wageni wengi hawaufikirii. Makaburi mengi ya Ufaransa yana bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi ni maji yale yale ya kijiji. Soma kibao hapo pia. Mkahawa ulioko kileleni Puy de Dôme hufuata ratiba ya msimu, kwa hiyo usiuweke kwenye hesabu ya maji.

Kuna wanaojibu kwamba wana kichujio. Kichujio kinahitaji maji ya kuchuja. Na ukifika kwenye ziwa la Aydat, ambalo lilizaliwa lava ilipoziba mto Veyre, kumbuka kwamba maziwa ya namna hii huweza kuota mwani wa bluu-kijani wakati wa joto. Sumu ya mwani huo haitolewi na kichujio cha kawaida cha mkononi, wala haiondoki kwa kuchemsha.

"Nimepanda Kilimanjaro, mita 1,465 ni kilima tu."

Mapafu yako hayatasumbuka, ni kweli. Ila Puy de Dôme hausumbui kwa uhaba wa hewa. Unasumbua kwa upepo, ukungu na radi. Umesimama peke yake mbele ya upepo wa magharibi. Joto hupungua takribani nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, na kutoka Clermont-Ferrand hadi kileleni kuna zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Ukiondoka mjini kwenye nyuzi 20, tegemea 13 kabla ya upepo kuongeza yake. Beba koti la mvua hata Agosti. Anza saa 2 asubuhi ili saa 7 mchana uwe umeshashuka, kwa sababu radi za kiangazi hupenda alasiri, na ukingo wa kreta ni mahali pabaya pa kusimama mawingu yanaponguruma. Wakati wa baridi, Chemin des Muletiers huganda. Bila vyuma vya kufunga chini ya viatu, geuza gari. Treni ya meno inayopanda kileleni tangu 2012 si tiketi ya dharura: hali ya hewa inayokutisha wewe ndiyo inayoweza kuisimamisha.

"Mawe ya volkano yana makali, kwa hiyo yanashika kiatu."

Jiwe moja likiwa limetulia, ndiyo. Kokoto milioni zilizolala kwenye mteremko, hapana. Ni kama kutembea juu ya mahindi makavu yaliyomwagika kwenye sakafu ya saruji. Hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie, magoti yalegee kidogo, fimbo zirefushwe sentimita 5 kabla ya kushuka. Viatu vifunike kifundo, na geita, yaani vifuniko vya kufunga juu ya kiatu, zizuie kokoto kuingia. Kokoto moja ndani ya soksi hutengeneza lengelenge kabla hujamaliza kilomita mbili. Njia za mawe ya zamani zina hatari tofauti: jiwe lililosuguliwa na nyayo za miaka mingi huteleza kama sabuni likilowa.

Hapa lipo jambo linaloumiza zaidi ya kifundo. Ngazi za mbao za Pariou hazikuwekwa kwa ajili ya wavivu. Udongo na nyasi juu ya zile kokoto ni ngozi nyembamba mno. Watu wachache wakikata kona, ngozi inachanika, mvua inaingia kwenye jeraha, kokoto zinaporomoka, na mwaka unaofuata kuna mfereji. Eneo hili liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, na buti zetu ni miongoni mwa maadui wake wakubwa. Kaa kwenye ngazi. Na usichukue jiwe la kumbukumbu, hata dogo.

"Ngome zile zilijengwa ndani ya kreta."

Kinyume chake. Ngome ya Murol, iliyotokana na Zama za Kati, imekalia mwamba wa basalti, yaani lava iliyoganda, uliobaki umesimama baada ya ardhi laini ya pembeni kumomonyoka. Le Puy-en-Velay, kusini zaidi, ni somo lilelile kwa herufi kubwa: kanisa dogo la Saint-Michel d'Aiguilhe, la karne ya 10, liko juu ya koo la volkano lililogandia ndani ya mlima wake, kisha mlima ukaondoka na koo likabaki kama nguzo yenye urefu wa mita 80 hivi. Ngazi ni 268. Mabwana wa zamani hawakutafuta volkano. Walitafuta ukuta ambao hawakulazimika kuujenga.

Na tafadhali usipange Puy de Dôme na Murol kwa miguu siku moja. Kwenye ramani vinaonekana majirani. Ni kilomita nyingi za kupanda na kushuka. Anayetaka ngome na volkano kwa siku moja aende kaskazini: ngome ya Tournoël iko juu tu ya mji wa Volvic, unaifikia kwa miguu kutoka mjini, na karibu yake ni volkano ya Puy de la Nugère, ambayo lava yake ilitoa jiwe jeusi la kanisa kuu la Clermont-Ferrand, lililoanza kujengwa 1248. Tournoël ni mali binafsi na haifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo uliza kwanza.

"Magofu ya kileleni ni ya Wagauli waliompiga Kaisari."

Hekalu la Merkuri, mungu wa Kirumi, kileleni Puy de Dôme ni la karne ya 2 baada ya Kristo, wakati Gaulo, nchi ya Wagauli katika Ufaransa ya leo, ilikuwa chini ya Roma kwa vizazi vingi. Lilifukuliwa miaka ya 1870, wajenzi wa kituo cha hali ya hewa walipokuwa wakichimba msingi. Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli, alimshinda Kaisari mwaka 52 kabla ya Kristo huko Gergovia, na uwanda unaotambuliwa kuwa ndipo mahali penyewe uko kusini mwa Clermont-Ferrand. Kijiji cha pale kiliitwa Merdogne hadi Napoleon wa Tatu, mfalme mkuu wa Ufaransa, alipokibadilisha jina kuwa Gergovie mwaka 1865. Ukienda, tazama umbo la mlima: juu bapa, pembeni mwinuko mkali. Lava ile ilitiririka zamani ikiwa chini bondeni. Vilima laini vya kando vikaliwa na mvua, lava ngumu ikakataa, na bonde likawa mlima. Majeshi ya Roma yalipanda mteremko huo yakiwa na silaha mkononi, na mtembeaji mwenye begi la kilo 7 atawaelewa upesi.

"Dira haifanyi kazi kwenye basalti."

Inafanya. Usiilaze juu ya mwamba. Ishike usawa wa kifua, sogea hatua chache, pima tena. Imani hii pengine inatokana na lava za Laschamps, kijiji cha kusini mwa Puy de Dôme, ambazo zimehifadhi kumbukumbu ya kuyumba kwa sumaku ya dunia miaka 41,000 hivi iliyopita. Kumbukumbu hiyo inasomwa maabara, haigeuzi dira yako. GR 4, njia ndefu ya matembezi inayopita hapa, ina alama nyeupe na nyekundu. Kwenye ukungu, ukitembea dakika 10 bila kuiona alama, rudi kwenye ya mwisho uliyoiona.

"Volkano zimekufa." "Tutaona lava nyekundu kama Nyiragongo."

Zote mbili si kweli. Milipuko ya mwisho ya safu yenyewe ni ya miaka zaidi ya 8,000 iliyopita, na ziwa Pavin, kusini, ni la miaka kama 7,000. Kwa volkano huo ni usingizi. Wekundu unaouona kwenye kuta za Puy de la Vache na Puy de Lassolas ni chuma kilichoshika kutu. Unaweza kuugusa, ni baridi.