Kalamu ya kidijitali haikuandikii somo

Wanafunzi wengi hapa Unguja, ukiwatajia kalamu ya kidijitali, wanadhani unaiwasha, unakaa kitako, na maneno ya mwalimu yanajiandika yenyewe. Sivyo. Kalamu kama Livescribe, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2008, inataka mkono wako uandike kila neno, tena kwa wino wa kawaida.

Karibu na ncha pana kamera ndogo. Karatasi yake imechapwa vidoti vidogo mno, kwa jicho utaona ukijivu hafifu tu, na mpangilio wa vidoti hivyo ndio unaoijulisha kamera ncha iko wapi kwenye ukurasa. Ndiyo maana daftari la kawaida la Darajani halitoshi: wino utatoka, lakini kalamu haitahifadhi ulichoandika. Muulize muuzaji habari ya daftari kabla hujalipa. Wengi wanajulia hilo nyumbani.

Uzuri wake hasa ni sauti. Unapoandika, kalamu inarekodi na kuufunga kila mstari wa wino na dakika yake. Tuseme uko darasani Tunguu, mwalimu anaeleza namna kimbunga kilivyoiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika usukani wa karafuu. Wewe umewahi kuandika “kimbunga 1872” tu. Usiku unaligusa neno lile kwa ncha, na maelezo yanaanzia pale pale. Hapo huna haja ya kukimbizana na kila sentensi. Sikiliza, andika maneno machache ya kukushika mkono. Ila ruhusa ya kurekodi umuombe mwalimu kwanza.