Kaulimbiu ni nini, na kwa nini nyingi hazishiki

Mbiu ni ile pembe iliyopulizwa kuita watu: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Iunganishe na kauli upate kaulimbiu, yaani maneno machache yanayorudiwa yaleyale kila bidhaa, klabu au kampeni inapotajwa. Tangazo hupita, kaulimbiu hubaki. "Mtu ni Afya" ilikuwa kampeni ya mwaka 1973, na wapo watu wazima wanaoitamka hadi leo.

Inashikaje? Kipimo tunacho tangu zamani, mizani ya washairi. Hesabu silabi. "Mtu ni Afya" ina mizani 5. "Kilimo Kwanza" ya 2009, 5. "Hapa Kazi Tu" ya 2015, 5. "Kazi ni kwako" ya Vodacom, 5 tena. Yanga wamefika 9 kwa "Daima Mbele, Nyuma Mwiko", ila wameikata katikati, 5 kwa 4, mbele ikatazamana na nyuma, kisha "mwiko" likafunga mlango. Na ule msemo wa mtaani, "Kigoma mwisho wa reli", una mizani 8 kamili, sawa na kipande cha shairi la kawaida. Reli ilifika huko mwaka 1914. Anayeshuka stesheni anajionea mwenyewe kwamba mbele ni ziwa. Sauti peke yake isingeubeba msemo huo miaka yote hiyo kama usingekuwa kweli.

Sasa soma lebo za asali Tabora: "Asali bora, safi na ya asili kwa afya yako." Mizani 17, na hakuna kilichosemwa. Jaribio lake ni jepesi: futa jina la muuzaji, hamishia maneno kwenye chupa ya jirani. Yakikaa vizuri, si yako. Badala ya sifa, tafuta jambo ambalo mnunuzi anaweza kulihoji: imetoka wapi, imekamuliwaje, nini hakikufanywa. Kwa mfano: "Asali ya Sikonge, haijaona moto." Ni 7 kwa 7, na imebeba mahali pamoja na ahadi. Bila shaka usiiandike kama unaichemsha kabla ya kupaki.

Hapo ndipo inapoingia sauti ya chapa, ambayo watu huichanganya na kaulimbiu. Kaulimbiu ni sentensi moja. Sauti ya chapa ni namna ya kuzungumza kila mahali, kwenye lebo, kibao cha duka, ujumbe wa WhatsApp, hata jibu la malalamiko. Asali hiyo ikiganda, mteja atadhani umetia sukari. Lebo yenye sauti moja itamwambia: "Imeganda? Ni kawaida yake. Iweke kwenye maji ya vuguvugu." (Vuguvugu, si ya kuchemka, la sivyo kaulimbiu umeiua mwenyewe.) Kosa la kila siku ni lebo kusema "Ndugu mteja mtukufu" halafu WhatsApp ikajibu "oya mwanangu". Mnunuzi anaona watu wawili, hajui amwamini yupi.

Dagaa wa Kigoma hawahitaji sifa. Jina lenyewe linauza. Wanachoogopa wanunuzi ni wale walioanikwa chini. Kwa hiyo muuzaji anayeanika kwenye chanja anaweza kuandika maneno mawili tu: "Hawana mchanga." Lakini chembe moja ikilia kwenye jino la mteja, maneno hayo yanageuka utani wa soko zima, na utani huo nao utashika, maana una mizani 6 ileile.

Kabla ya kuchapa lebo 1,000, itamke mara moja kijiweni, kisha rudi kesho yake uwaulize walisikia nini. Wakiirudisha kwa neno tofauti na lako, chapa la kwao.