Usiniambie Theluji Yake ni ya Kweli

Safari hii ni msomaji aliyeniletea picha mbili. Ya kwanza ilitoka katika 1080° Snowboarding ya Nintendo 64, gemu ya mwaka 1998, ambamo theluji inaonekana kama unga uliomwagwa sakafuni. Ya pili ilitoka katika Steep, iliyotengenezwa na Ubisoft Annecy na kutolewa mwaka 2016, ambamo miale ya jua inacheza juu ya theluji ya milima ya Alps kiasi cha kukufanya utafute sweta. Chini ya picha hizo aliandika kwamba hana haja ya kusoma tathmini ya mtu yeyote, kwa kuwa jibu linaonekana kwa macho: gemu bora ya kuteleza kwa ubao ni ile inayofanana zaidi na ukweli. Hoja hii nimekwisha kuijibu kwa sentensi mbili tatu mara nyingi mno, na bado inarudi vilevile. Kwa hiyo leo nitaijibu kwa urefu.

Nianze na hewa, maana hapo ndipo hoja hiyo inapovunjika mapema. Kitu kinachoruka na kurudi usawa uleule kilikoanzia, kikikaa hewani sekunde 5, ni lazima kiwe kimepanda mita 30 na ushei. Mtelezaji halisi hutua chini zaidi ya pale aliporukia, kwa hiyo mteremko humwongezea muda kidogo. Lakini hata bingwa wa mfereji wa theluji wa Olimpiki (halfpipe), wenye kuta za kimo cha mita 6.7 hivi, hapati nafasi ya kuvua ubao miguuni, kuuzungusha, kisha kuuvaa tena kabla ya kutua. Katika SSX Tricky, gemu ya mwaka 2001, hayo ni mambo ya kawaida. Sijapata kumwona mchezaji wa gemu hiyo akilalamika kwamba nguvu ya mvutano wa dunia imepunguzwa. Kinachomridhisha, hata kama hajawahi kukifikiria, ni kwamba imepunguzwa kwa kiasi kilekile kila mara: ukiubana mruko kwa muda uleule, ukalifikia tuta kwa mwendo uleule na ukaachia kitufe mahali palepale, utapata hewa ileile leo na kesho. Hiyo ni sheria, na gemu hupimwa kwanza kwa namna inavyozitii sheria zake yenyewe, kabla ya kulinganishwa na sheria za dunia yetu.

Tena sheria za SSX zimeshikana. Sarakasi za angani hujaza akiba ya nguvu, na akiba hiyo ndiyo inayokupa kasi ya ziada ardhini, kwa hiyo hata anayetaka kushinda mbio tu hulazimika kujihatarisha hewani. Mtengenezaji aliyefikia uamuzi huo amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyechora kila chembe ya theluji, lakini uamuzi huo hauonekani katika picha uliyonitumia.

Muziki, mavazi ya wahusika na idadi ya milima nitavipita haraka, kwa kuwa kila mtu anaweza kujiamulia kwa kutazama video ya dakika chache. Sauti ya ubao ni jambo jingine. Katika 1080°, ambayo programu yake iliandikwa kwa sehemu kubwa na Giles Goddard na Colin Reed, ubao unaokwangua barafu haulii sawa na ubao unaopita kwenye theluji laini, na sikio hukueleza kwamba ukingo wa ubao unaanza kuteleza kabla jicho halijatambua. Sauti ya namna hiyo ni sehemu ya usukani, na mimi huipima pamoja na usukani.

Sasa nifike kwenye anguko, ambako nataka kukaa kwa muda, kwa sababu watathmini wengi hulipita kana kwamba ni adhabu tu ya mchezaji asiyejua. Gemu ya kuteleza hujulikana kwa namna inavyomwangusha mchezaji wake. Ninapoijaribu, humkabidhi pedi, yaani kidhibiti cha kuchezea, mtu ambaye hajawahi kuicheza, simwelezi lolote, na kila anapoanguka namuuliza swali moja tu: umeanguka kwa nini? Akinijibu kwamba ubao ulikuwa umekaa kimshazari alipotua, au kwamba aliachia kitufe akiwa amekwisha kulipita tuta, na jibu hilo likalingana na kilichotokea kweli ndani ya gemu, basi gemu hiyo ina afya hata kama theluji yake ni ya unga. Akijibu kwamba hajui, nikamwacha aendelee kwa muda mrefu naye bado hajui, basi uzuri wa jua la jioni juu ya vilele hautaisaidia.

Chukua Alto's Adventure, gemu ya simu iliyotoka mwaka 2015. Kitu chote huchezwa kwa kidole kimoja: ukigusa kioo unaruka, ukishikilia unapiga samasoti ya nyuma, ukiachia mzunguko unakoma. Mteremko wote umechorwa ubavuni, bila kina, na hakuna mtelezaji yeyote duniani anayeteleza hivyo. Lakini ukishikilia kidole kwa kitambo kidogo kuliko inavyotakiwa utatua kichwa chini, na unajua papo hapo, kabla hata mhusika hajamaliza kubingirika, kwamba kosa limetokana na kidole chako. Ukitua salama unapewa kasi, na kasi hiyo inakusogeza kwenye mruko mwingine ulio mgumu zaidi. Gemu hii imeondoa karibu kila kitu ambacho msomaji wangu angekiita ukweli, ikabakiza uhusiano kati ya kidole na matokeo, na uhusiano huo haukuharibiwa na kitu.

Katika 1080° anguko lina ngazi. Ukitua ubao umeelekea kule mwendo unakoelekea, na ukachutama ili kupokea kishindo, unaendelea bila kupoteza kasi. Ukikosea kidogo unayumba, mikono ya mhusika inatapatapa, na unapata nafasi ya kujirekebisha. Ukikosea sana unabingirika, na kipimo cha madhara kinapanda. Kikijaa, mbio zako zimekwisha. Ile ngazi ya kati, ya kuyumba, ndiyo ninayoitafuta katika kila gemu mpya, kwa sababu humfundisha mchezaji bila kumwandikia maelekezo kwenye kioo. Nayo Steep, ili nisionekane ninaidharau, ina kipimo cha nguvu ya kishindo kinachoonekana pindi mwili unapogonga ardhi, na kipimo hicho ni jibu la wazi kwa swali langu. Nakisifu kuliko ninavyozisifu picha zake.

Kuna gemu nyingine ya miaka ya karibuni, ambayo sitaitaja, iliyonikera kwa sababu jiwe lilelile, kwa mwendo uleule na pembe ileile kadiri nilivyoweza kuona, mara liliniacha nipite na mara lilinirusha. Huenda kulikuwa na tofauti ndogo ambayo injini yake, yaani programu inayoiendesha, iliiona nami sikuiona. Kwa mchezaji hilo halibadilishi chochote: tofauti asiyoweza kuiona wala kuisikia kwake ni bahati nasibu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba watetezi wa gemu hiyo waliniambia kwamba hata mlimani mambo huwa hivyo, ubao hukwama kwenye kitu kilichofukiwa bila wewe kukiona. Ni kweli. Lakini aliye mlimani ana nyayo zinazohisi mtetemo, ana masikio ya ndani yanayompa mizani, na ana uzito wake mwenyewe unaohama kutoka vidoleni kwenda visiginoni. Mchezaji aliyekaa kwenye kochi amenyimwa hayo yote, amebakiwa na kioo, spika na vidole gumba viwili. Ukimpa hatari zote za mlima bila kumpa hisia hizo kwa njia nyingine, hujamletea ukweli. Umemletea nusu yake iliyo mbaya.

Hili linanileta kwenye weupe. Theluji nyeupe chini ya mawingu meupe huficha mabonde na matuta, na watelezaji halisi wanaiogopa sana hali hiyo. Kwa hiyo gemu inayoiga mwanga huo kwa uaminifu humpofusha mchezaji. Watengenezaji wanaojua kazi yao hudanganya: hutia buluu kwenye vivuli, huchora mikwaruzo inayofuata umbo la mteremko, hupanda miti au bendera mahali ambapo jicho linahitaji kujua umbali. Ukitaka kupima hili, usiteleze saa ile jua liko chini na vivuli ni virefu, saa inayochaguliwa kwa picha za matangazo. Chagua hali ya mawingu, telemka kwa kasi, uone kama unalitambua tuta mapema kiasi cha kuweza kuamua utafanya nini juu yake.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni SSX ya mwaka 2012, gemu ya baadaye katika mfululizo wa SSX Tricky, ambayo iliijenga milima yake kwa kuanzia na takwimu za miinuko zilizopatikana kwa setilaiti kupitia NASA, na miongoni mwa milima hiyo Kilimanjaro imo. Nimeandikiwa na watu waliokasirika kwamba Kilimanjaro ile siyo ile wanayoiona wakiwa Moshi, kwamba theluji ni nyingi mno na njia zimekunjwakunjwa. Ndiyo, takwimu zilikuwa msingi tu. Juu yake watengenezaji walifinyanga miteremko upya ili ichezeke. Mlima halisi, wenye kimo cha mita 5,895, una sehemu ndefu za mwinuko mpole wa mawe na vumbi ambako ubao haungesogea. Uaminifu wa ramani ungetupa gemu ya kutembea. Ukitaka kuilaumu gemu hiyo kwa haki, lalamikia njia ambayo inakupeleka kwenye shimo bila kukuonya, na hapo nitakuunga mkono.

Jambo la mwisho la kiufundi ni ucheleweshaji, na hapa picha nzuri mara nyingi hugeuka adui. Mtelezaji anayekwenda kilomita 90 kwa saa husogea mita 25 kila sekunde. Gemu ikionyesha fremu 60, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, kwa sekunde, kati ya fremu moja na nyingine anasogea sentimita 42 hivi. Ikionyesha 30, anasogea sentimita 83. Ongeza sasa muda kati ya kidole kubonyeza na mwili kuruka: ukiwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mita 2 na nusu zimekwisha kupita, na ukingo wa tuta uko nyuma yako. Kulipima ni rahisi. Washa kamera ya simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, iweke mahali inapoona kidole gumba na kioo pamoja, ruka mara kadhaa, kisha rudia video taratibu ukihesabu fremu tangu kitufe kinapogusa chini hadi magoti ya mhusika yanapoanza kukunjuka. Kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo. Kabla ya kumlaumu mtengenezaji, hakikisha televisheni imewekwa kwenye hali yake ya gemu, kwa sababu televisheni nyingi hupitisha picha kwenye urembo mwingi kabla ya kuionyesha, na nimeona gemu nzuri ikihukumiwa kwa makosa ya kioo.

Hata hivyo kipimo hicho hakimalizi kazi, na ni haki niseme mahali ninapoyumba. 1080° inakutaka uzungushe kijiti cha pedi kwa mpangilio mgumu ili upate mizunguko mitatu kamili ya angani, yaani nyuzi 1080, na ugumu huo mimi nauita kina. Mwingine anauita kizuizi cha bure, na sina kipimo cha kumshinda. Naweza kupima ucheleweshaji, naweza kuhesabu maanguko yasiyoelezeka, lakini siwezi kuthibitisha kwamba raha ninayoipata baada ya mazoezi marefu imetoka kwenye gemu na si kwenye mazoezi yenyewe. Vidole huzoea karibu kila kitu. Gemu yenye usukani mbaya, ikichezwa vya kutosha, huanza kuhisi ya kawaida mkononi, na mtathmini aliyeicheza hadi mwisho ndiye aliyezoea kuliko wote. Ndiyo maana sipendi kutoa alama kati ya kumi, ingawa wasomaji huzidai: tarakimu moja haionyeshi kama nimeipenda gemu au nimeizoea.

Ninachofanya kwa sasa ni kuandika maelezo yangu ya saa ya kwanza nikiwa bado mgeni, kuyafungia, na kutoyafungua hadi nimalize. Pale ambapo mgeni na mzoefu wanapingana, nitazichapisha hukumu zote mbili bila kuzipatanisha, na nitaanza hivyo na tathmini ijayo.