Je, wajua? Kwa nini bosi wa mafia anaweza kuwa jirani yako wa ploti

Uliza mtu yeyote hapa Nakuru mkubwa wa mafia anayetafutwa dunia nzima anaweza kuwa amejificha wapi, atakuambia kisiwani huko mbali, ama msituni, ama jumba la ukuta mrefu na mbwa wakali kama yale ya Milimani. Kumbe wapi. Ukifuatilia venye wengi wao walishikwa unakuta ni mzee kwa nyumba ya kupanga, analipa kodi kwa wakati, hana maneno na mtu, na bibi yake anajulikana mtaani kwa kulisha paka. Sasa kwa nini hapo, na walikaaje miaka kumi na kitu, wengine arobaini na, bila mtu kushtuka?

Tuanze na huyo wa paka. James Bulger, wengi walimjua kama Whitey, alikuwa bosi wa genge la Winter Hill kule Boston. Mwisho wa 1994 akanong'onezewa na afisa mmoja mstaafu wa FBI kwamba mashtaka yanakuja, akapotea. Wakamtafuta mpaka Ulaya. Mwezi wa 6 2011 akapatikana Santa Monica, California, kwa ghorofa ya kupanga karibu na bahari, anaitwa Charlie Gasko na mpenzi wake Catherine Greig anaitwa Carol. Miaka 81. Ndani ya kuta za hiyo nyumba wakatoa zaidi ya dola laki nane taslimu na bunduki kama thelathini hivi. Na hawakuvunja mlango, walimdanganya tu kwa simu ati stoo yake huko chini kwa gereji imevunjwa, akashuka kuangalia, akapata wanamngoja.

Aliyemtambua si polisi. Ni mwanamke mmoja wa Iceland aliyekuwa anaishi karibu nao, alikuwa amezoea kusimama na Greig wakiongea juu ya paka mmoja wa kuzurura ambaye Greig alikuwa anamlisha kila siku. FBI walikuwa wamechoka kuonyesha sura ya mzee, safari hii wakatoa tangazo la TV likilenga picha ya mwanamke, huyo mama akiwa kwao Iceland akaona habari zake, akasema huyu si ni yule wa paka! Zawadi ilikuwa dola milioni mbili.

Sasa fikiria ploti ya kawaida, iwe Free Area, iwe Pipeline, ama Kondele huko Kisumu. Mtu anahamia jioni na pikapu, godoro, mtungi wa gesi na viti viwili, anatuma deposti na kodi ya mwezi wa kwanza kwa M-Pesa, anapewa funguo. Wiki ya pili ashakuwa Baba Tasha, ama kama hana mtoto ni "ule mzee wa namba nane". Miaka inaenda hivyo hivyo, mnasalimiana kwa kamba ya nguo, mnachangia maji yakipotea, akifiwa mnampea kitu kidogo, na jina lililo kwa kitambulisho chake hakuna mtu analijua na hakuna anayeona ni ajabu, kwa sababu hata hao wengine wote unawajua kwa watoto wao. Ukianza kuuliza sana, ulikuwa wapi kabla, kwani unafanya kazi gani, watu wanaanza kuuliza wewe ndio umetumwa na nani. Tulileta Nyumba Kumi baada ya Westgate 2013 ndio majirani wajuane, na iko mitaa inafanya kazi vizuri, lakini ukweli ni kwamba kwa ploti nyingi landilodi akishalipwa tarehe tano hana swali lingine.

Kwa hivyo jibu la kwanza ni hilo. Mtu hajifichi mahali watu hawapo, huko ndiko ataonekana. Anajificha mahali watu ni wengi, wanahama hama, na kila mtu ana shida zake. Enda ujaribu kujificha ushago Vihiga ama Siaya uone, mgeni akishuka tu kwa boda hata kabla hajafika kwa lango watu washajua amevaa nini na anaenda boma la nani.

Lakini hapo ndio mambo yanakuwa matamu, kwa sababu wale wakubwa kabisa wa Sicily, kile kisiwa cha Italia, walifanya kinyume. Walijificha ushago kwao.

Bernardo Provenzano alianza kutoroka 1963 na alishikwa tarehe 11 mwezi wa 4 2006. Hesabu mwenyewe, ni miaka 43. Polisi hawakuwa na picha yake ya maana, waliyokuwa nayo ni ya zamani akiwa kijana, wakawa wanachora tu venye wanafikiri amezeeka. Na alishikwa wapi? Kwa nyumba ya mfugaji nje tu ya Corleone, mji aliozaliwa. Hakuwa anatumia simu. Alikuwa anaandika vikaratasi vidogo kwa mashine ya taipu, anakunja, anafunga na seloteipu, vinapita mkono kwa mkono mpaka vifike, na badala ya majina ya watu anaweka namba. Bosi aliyekuwa kabla yake, Totò Riina, naye alitafutwa zaidi ya miaka ishirini na muda mwingi alikuwa tu Palermo mjini na familia, watoto wanne wakazaliwa yeye akiwa mafichoni, mpaka 1993 wakamtoa kwa gari barabarani. Halafu kuna Matteo Messina Denaro, alipotea 1993, akashikwa Januari 2023, na nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa Campobello di Mazara, kilomita chache tu kutoka Castelvetrano kwao.

Kwa nini hawa hawakuenda Brazil wakatulia? Kwa sababu kazi ya mafia si kama kampuni ya mtandaoni ambayo unaendesha ukiwa popote. Ni ushuru unaokusanywa duka kwa duka, ni tenda za ujenzi, ni kuamua kesi kati ya watu wawili wasioweza kwenda kortini, na ni kuogopwa. Bosi akiwa mbali sana, vijana aliowaacha wanaanza kuamua wenyewe, na baada ya muda hakuna mtu anajali amesema nini. Akae karibu, basi. Na akikaa karibu nyumbani yeye si mgeni, kila mtu anajua ni nani, ila huyu anamwogopa, yule alisomeshewa mtoto, yule mwingine ni shemeji. Kwa hivyo kuna kunyamaza kwa ploti, ambako watu hawajui na hawana haja, na kuna kunyamaza kwa kijiji, ambako wanajua sana. Mimi naona hiyo ya pili ni ngumu kuvunja kuliko ukuta wowote.

Basi walishikwaje? Provenzano ni nguo. Bibi yake alikuwa anaishi wazi pale Corleone, polisi wakaona mzigo wa nguo safi unatoka kwake, unaenda kwa fulani, kwa fulani, wakaufuata bila haraka mpaka ukaishia kwa ile nyumba ya mfugaji. Messina Denaro ni ugonjwa. Alikuwa na saratani, akawa anatibiwa kliniki ya kibinafsi Palermo inayoitwa La Maddalena kwa kitambulisho cha mtu mwingine, polisi wakasikia jamaa zake wakiongea juu ya ugonjwa, wakaingia kwa rekodi za wagonjwa wakaanza kuchuja umri, jinsia, aina ya saratani, hadi wakabaki na jina moja ambalo mwenyewe halisi alikuwa mahali pengine. Miaka 30 imeisha asubuhi moja mbele ya kliniki, na mwezi wa 9 mwaka huo huo akafa.

Wale waliotoroka mbali kabisa nao, wakaachana na ufalme, wengi wanachomwa na chakula. Si mzaha. Gioacchino Gammino alitoroka jela ya Rebibbia kule Roma 2002 akiwa na kifungo cha maisha cha mauaji, akahamia Galapagar, mji mdogo karibu na Madrid, akajiita Manuel. Polisi wa Sicily wakiwa wanapekua picha za Google Street View wakaona mtu amesimama mbele ya duka la matunda na mboga. Sura haikuwa wazi. Wakaangalia biashara za hapo karibu, wakapata hoteli iliyokuwa imefungwa, La Cocina de Manu, ukurasa wake wa Facebook bado uko na picha za mpishi mwenyewe na kovu lake la kidevu, na kwa menyu kuna chakula cha jioni cha Kisicilia! Mwezi wa 12 2021 akachukuliwa. Aliwauliza wamempataje na hata familia yake hajaipigia simu miaka kumi.

Edgardo Greco naye, aliyekuwa anatafutwa kwa mauaji ya ndugu wawili ya 1991, alikuwa anapika piza Saint-Étienne huko Ufaransa kwa jina la Paolo Dimitrio, na gazeti la pale likamtembelea 2021 likaandika habari ya hoteli yake mpya na mapishi yake ya kwao. Alishikwa 2023. Marc Feren Claude Biart alikuwa Boca Chica, Jamhuri ya Dominika, na bibi yake wakaanza chaneli ya YouTube ya kupika vyakula vya Kiitaliano. Uso alikuwa anaficha, sawa, lakini tatoo za mikono ziko wazi zinakoroga sufuria. 2021, kwisha. Unaweza kuacha jina, mama, nchi na pesa, lakini inaonekana ugali wa kwenu hauachiki.

Wa mwisho wa kundi hili ni Shigeharu Shirai, mzee wa Yakuza, genge la Japani. Alikuwa anatafutwa kwa mauaji ya 2003, akaenda zake Lopburi, Thailand, mji unaojulikana kwa nyani, akakaa zaidi ya miaka kumi kimya. Siku moja anacheza drafti kando ya barabara na wazee wenzake, kuna joto, ametoa shati, mwili wote ni michoro na kidole kidogo hakipo, kijana akapiga picha akaweka Facebook kwa sababu tu aliona ni poa. Ikasambazwa zaidi ya mara elfu kumi, ikafika Japani, Januari 2018 pingu.

Na kwetu? Moazu Kromah, Mliberia, alikuwa anaishi Kampala mpaka 2019 aliposhikwa akapelekwa New York. Mshtakiwa mwenzake Abdi Hussein Ahmed, aka Abu Khadi, Marekani waliweka zawadi ya mpaka dola milioni moja mwezi wa 5 2022, kesi ni ya pembe za faru na ndovu pamoja na heroini, na mwezi wa 8 akashikwa Maua, Meru, baada ya wananchi kutoa habari. Maua! Lakini ukifikiria vizuri ni mahali panaingia akilini, mji wa miraa, hailaksi zinakimbia usiku na mchana, pesa ni taslimu, wageni kila saa. Ndugu wawili wa Akasha kule Mombasa, wale wa dawa za kulevya, hao hata hawakuhitaji kujificha, kila mtu aliwajua, ulinzi wao ulikuwa mwingine, walikiri wenyewe mbele ya korti ya New York kwamba walihonga maofisa hapa Kenya ili kesi ya kuwapeleka Marekani ikwame. Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23.

Halafu kuna wale ambao serikali yenyewe ndio inawatafutia ploti. Marekani wana mpango wa kulinda mashahidi, unapewa jina jipya, nyumba, na mji ambao hukuwahi kuuwazia. Henry Hill, aliyewachoma wenzake wa New York 1980, alipelekwa Omaha, Nebraska, kwa mahindi na ng'ombe, lakini kuwa mtu wa kawaida kulimshinda, akarudia dawa za kulevya mpaka wakamfukuza kwa mpango. Sammy Gravano, aliyemmaliza bosi wake John Gotti kortini 1992, aliwekwa Arizona akiitwa Jimmy Moran, akafungua kampuni ya kujenga mabwawa ya kuogelea. Maisha mazuri, jua, hakuna anayemjua. Akatoka kwa mpango mwenyewe, akakubali mahojiano na gazeti la huko kwa jina lake halisi, na 2000 akashikwa kwa biashara ya vidonge vya ekstasi pamoja na bibi, kijana na msichana wake. Alitoka jela 2017. Saa hii ana podikasti.