Ziwa Likitulia, Mtandao wa Kisiwani Huyumba

Kila unapozuka mjadala kuhusu intaneti ya visiwani, maji ndiyo yanayolaumiwa kwanza. Nimesanifu njia za redio juu ya Ziwa Victoria kwa miaka mingi, na nina hakika kwamba maji yanavukika. Kinachopandisha bei ya bando huko ng'ambo ni gharama za kila mwezi baada ya kuvuka, za umeme na matengenezo ya kituo.

Tuchukue njia ya kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, yenye urefu wa takribani kilomita 45. Kwa umbali huo mviringo wa dunia huyainua maji ya katikati kwa takribani mita 30, ukishahesabu jinsi hewa inavyoyapinda mawimbi ya redio, na kwa masafa ya gigahezi 6 mawimbi hayo huhitaji mita 14 nyingine za nafasi tupu juu ya maji, ndiyo maana tunatafuta vilima kabla ya kufikiria minara. Wasilolitarajia wengi ni kwamba adui yetu ni utulivu. Ziwa likichafuka, uso wake huyatawanya mawimbi ya redio. Likitulia alfajiri kama kioo huyaakisi, nayo yakifika mnarani yamechelewa kidogo huweza kuyafuta yale yaliyokuja moja kwa moja. Saa hiyo ndipo wavuvi wa dagaa wanaporudi na kutaka kujua bei ya sokoni. Dawa yake ni kufunga antena mbili za kupokea, moja mita kadhaa chini ya nyingine, kwa kuwa ni nadra zote mbili kufifia kwa pamoja.

Umeme ni kazi ngumu zaidi. Kituo kimoja nilichokikagua kilikuwa kimezimika kwa wiki tatu, na ndani ya kabati nilikuta betri nne zimevimba ubavuni kwa joto. Mwenye mnara alimsubiri fundi wa mjini, fundi naye akasubiri boti, na mwalimu wa shule ya jirani alipanda kilimani kila jioni ili aweze kutuma alama za wanafunzi wake.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 kifurushi cha msingi kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi, ingawa mvuvi anayepata chini ya wastani huo huumia zaidi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania, uliotokana na sheria ya 2006, hutoa ruzuku ya kujenga minara vijijini, nami naiunga mkono kwa dhati. Ningependa sehemu yake imlipe pia kijana wa kisiwani aliyefunzwa kupima betri na kukaza antena, mwenye betri za akiba stoo, ili kituo kikizimika asubuhi kiwake kabla ya jua kuzama.