Kadi ya kuzamia haikupi nyundo: dhana potofu kuhusu kurudisha misitu ya kelpi

Kila msimu wa mafunzo ukikaribia hapa Monterey, California, kauli ni ileile, wasemaji tu ndio wanaobadilika: "Mwalimu, kadi ya kuzamia ninayo miaka mingi. Madarasa ya nini tena? Nipe nyundo nikawapige hao urchini." Kuna waliopatia kadi Nungwi, kuna wa Watamu, kuna wa hukuhuku Marekani. Wote wanaamini kwamba kurudisha msitu wa kelpi, ule mwani mrefu wa baharini, ni kazi ya kuponda vile vidude vya miiba vinavyoila, na kwamba anayejua kupumua kwa mtungi keshahitimu. Nimechoka kumjibu mmojammoja.

Kadi inathibitisha kwamba unaweza kushuka na kupanda bila kujidhuru. Basi. Leseni ya udereva haimfanyi mtu kuwa fundi wa barabara. Maji ya hapa mara nyingi yako kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi. Unavaa suti nzito, kofia na glavu nene, na ili suti hiyo izame unajifunga vipande vingi vizito vya madini ya risasi kiunoni. Mkondo wa mawimbi unakusukuma mbele ukikaribia kugonga jiwe, kisha unakurudisha nyuma, na siku mbaya humwoni mwenzako aliye mita 3 kutoka kwako. Katika hali hiyo ndipo unapotakiwa kufanya kazi, na kazi yenyewe huanza na penseli.

Ndiyo, penseli. Tunatandaza tepu ya mita 30 juu ya mwamba na kuhesabu kila urchini aliye ndani ya mita 1 upande huu na mita 1 upande ule, pamoja na wale waliojificha nyufani. Tunahesabu kabla ya kupiga, tunahesabu baada ya kupiga, na tunahesabu pia sehemu ya jirani ambayo hatuigusi kabisa, ili kelpi ikirudi tujue imerudishwa na kazi yetu au na mwaka mzuri wa maji baridi. Shabaha inayotumika sana ni kuwashusha urchini wa zambarau hadi chini ya 2 kwa kila mita ya mraba. Hapo kelpi changa hupata nafasi ya kukua kabla haijaliwa. Sasa niambie, asiyejua walikuwa wangapi atajuaje amefika 2? Wanafunzi wawili wakipita tepu moja, mmoja akarudi na 40 na mwingine na 65, karatasi zote mbili natupa na wanashuka upya. Wananuna. Wanune tu.

Kisha kuna kumtambua unayempiga. Urchini wa zambarau ndiye aliyejaa kupita kiasi. Urchini mwekundu ni mkubwa zaidi na ana wavuvi wanaomtegemea, lakini akiwa mdogo macho yasiyozoea humchanganya na wa zambarau. Tena chini ya miiba ya mwekundu hujificha abaloni wachanga, konokono wa bahari ambao uvuvi wao wa burudani California umefungwa tangu 2018 kwa sababu wamekwisha kwa njaa. Ukimponda mwekundu umevunja paa la nyumba ya abaloni. Mwanafunzi wangu huinua miiba kwa ncha ya kisu na kuchungulia kwanza. Asiyechungulia harudi na nyundo.

Na magoti! Mtu anashuka, anachoka kuelea, anapiga magoti mwambani kama yuko bustanini. Pale alipopiga magoti kuna kelpi changa zenye urefu wa kidole, zile zilezile tulizozifuata. Mapezi yake nayo yanafagia zilizobaki. Ushauri wangu, na wapo wakufunzi wenzangu wanaoucheka, ni huu: punguza risasi kwanza, maana wengi wenu mnabeba kupita mahitaji. Kisha nenda kwenye bwawa la kuogelea, lala kifudifudi katikati ya maji bila kugusa sakafu, na uandike jina lako kwenye kibao cha plastiki mara kumi. Mwandiko ukisomeka, njoo tuzungumze habari za nyundo. Ukiipata utashangaa ilivyo ndogo: ile ya fundi wa kuchomelea vyuma, yenye ncha, inayoingia nyufani. Utashangaa pia hewa inavyokwisha haraka mtu akipiga huku akipingana na mkondo. Angalia geji ya hewa kila unaposogea. Wengi hunogewa na kupiga wakaisahau.

Mengine nayapitia kwa haraka.

"Ukimponda urchini mayai yanamwagika, wanazaliana maradufu." Hii inapendwa sana mitandaoni. Urchini wa kwenye miamba iliyokwanguliwa ana njaa, na ndani yake mayai ni haba. Na hata mayai yakitungishwa, viluwiluwi huelea baharini kwa wiki kadhaa hadi miezi kabla ya kutua, na hapo maji yamekwisha kuwapeleka mbali.

"Basi waacheni, njaa itawaua." Haitawaua upesi. Wanapunguza matumizi ya mwili na kuishi miaka mingi wakiwa karibu watupu, wakisubiri jani lolote lichomoze. Ndiyo maana miamba inabaki mitupu hata baada ya chakula kwisha.

"Leteni fisi-maji wawale." Hapa Monterey fisi-maji wa bahari wapo tele. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba wanawala urchini walionona ndani ya vipande vya kelpi vilivyobaki, na kuwapita wale watupu wa jangwani, yaani kwenye miamba iliyoliwa kelpi yote. Wanalinda kilichopo, jangwa hawalirudishi. Aliyekuwa akiwala urchini bila kuchagua sana ni kiti cha pweza wa alizeti, mnyama wa umbo la nyota mwenye mikono mingi, na huyo aliangamizwa na ugonjwa ulioanza 2013. Ilichukua hadi 2025 wanasayansi kuitaja bakteria inayohusika, Vibrio pectenicida. Juu ya ugonjwa huo likaja joto la bahari la 2014 hadi 2016. Kaskazini mwa California zaidi ya asilimia 90 ya kelpi ikapotea katika pwani ya kilomita zipatazo 350.

"Urchini ni adui, wamalizeni." Ni mwenyeji wa hapa kuliko sisi. Wasomaji wa Pwani wataelewa haraka: miamba ya Kenya iliyovuliwa kikande, samaki anayekula urchini, kupita kiasi ilijaa urchini vilevile. Mlaji akiondolewa, mliwa hutapakaa.

"Pandeni miche kama miti." Kelpi ni mwani, haina mizizi ya kunyonya wala mbegu. Ile inayotawala kaskazini huota, hurefuka mita kumi na zaidi, na kwa kawaida hufa ndani ya mwaka mmoja. Ikiwa kuna kelpi mama karibu na mwamba ni safi, vijidudu vyake vya uzazi hutua vyenyewe. Tunapandikiza tu kwenye sehemu ambazo mama hayupo tena.

"Wikendi moja inatosha." Huko Palos Verdes, kusini mwa California, kazi ilianza 2013 kwa wazamiaji wa kulipwa, waliobobea katika uvuvi wa urchini, na walirudi tena na tena.

Mwisho, sheria. Kuponda urchini na kuwaacha palepale kunaruhusiwa mahali na wakati uliotajwa tu. Mwamba wa Tanker hapa Monterey ulifunguliwa kwa kazi hiyo kuanzia Aprili 2021 hadi Aprili 2024, na mzamiaji alihitaji leseni ya uvuvi. Hifadhi zilizo jirani hazikuwamo. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza nyundo inauzwa wapi, soma kanuni za mwaka huu za sehemu unayotaka kushuka, maana siku ya kukaguliwa anayeulizwa mwanzo ni mwalimu.