Umarx wa Austria na Aya Isomwayo Nusu

Kila muhula, nikifika kwenye somo la Umarx wa Austria, yaani mawazo ya wasoshalisti wa Austria waliomfuata Karl Marx, hakosi mwanafunzi wa kunieleza, kwa uhakika wa mtu aliyesoma muhtasari tu, kwamba Programu ya Linz, ilani ya mwaka 1926 ya chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia wa Austria, ilitangaza udikteta wa wafanyakazi, na kwa hiyo Otto Bauer, mwananadharia mkuu wa chama hicho, na wenzake walikuwa Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa mtindo wa Urusi, waliojivika joho la demokrasia.

Neno udikteta limo. Limo, hata hivyo, ndani ya sentensi yenye sharti, na sharti hilo ndilo linalokatwa kila mara. Programu inasema kwamba chama kitatwaa madaraka kwa kura na kuyatumia kwa taratibu za demokrasia. Ni iwapo mabepari watapinga kwa kuhujumu uchumi, kwa uasi wa silaha, au kwa kula njama na madola ya nje, ndipo wafanyakazi watakapolazimika kuuvunja upinzani huo kwa njia za udikteta. Kwa Bauer, nguvu ilikuwa ya kujilinda. Nakubali kwamba kulitumia neno lenyewe lilikuwa kosa la kisiasa, kwa kuwa wapinzani walilibeba kila jukwaani na kuliacha sharti nyuma. Ushauri wangu haubadiliki: soma aya mpaka nukta yake ya mwisho, kisha tazama yaliyotokea. Machi 1933 Dollfuss, kansela wa Austria, alianza kutawala bila Bunge, hali iliyofanana mno na ile iliyotajwa Linz, na uongozi wa chama ukasubiri. Februari 1934 walioanza kupambana, katika mji uleule wa Linz, walikuwa wanamgambo wa Schutzbund, jeshi la chama hicho, waliochoka kusubiri. Jeshi la serikali likayapiga kwa mizinga majengo ya makazi ya Karl-Marx-Hof mjini Vienna, chama kikapigwa marufuku, na Bauer akakimbilia Chekoslovakia. Anayetaka kuwalaumu ana hoja nzito ya kusitasita kwao, lakini ya kiu ya udikteta hana.

Wengine hudai kwamba nadharia yao ya mataifa ililenga kuisambaratisha Dola ya Habsburg, yaani Austria-Hungaria ya zamani yenye mataifa mengi. Ni kinyume kabisa: Karl Renner, mwenzake Bauer, mwaka 1899, na Bauer mwaka 1907, walitaka utaifa umfuate mtu badala ya ardhi, ili Wacheki, Wajerumani na wengineo waendelee kuishi katika dola moja.

Wapo pia wanaosema kwamba hawa walikuwa watu wa vitabu tu. Manispaa ya Vienna, ikitumia kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Hugo Breitner, msimamizi wa fedha wa mji huo kutoka chama hicho, mwaka 1923 na kuwabana zaidi wenye majumba ya kifahari, ilijenga nyumba zaidi ya 60,000 kabla ya 1934.

Na msiwafunge wote katika furushi moja. Rudolf Hilferding, mwanauchumi wa kundi hili, alikuwa waziri wa fedha wa Ujerumani mara mbili. Max Adler, mwanafalsafa wao, alibaki mrengo wa kushoto wa chama. Renner alitangaza hadharani mwaka 1938 kwamba angeipigia kura ya ndiyo Austria kuunganishwa na Ujerumani ya Hitler, na mwaka huohuo Bauer akafia uhamishoni Paris.